Aliiba Nini? Lugha ya Matangazo ya Ebola mbele ya Jamaa za Kivu

Ugonjwa wa Ebola ulipotangazwa Mangina, katika Kivu ya Kaskazini, tarehe 1 Agosti 2018, haukuwa mgeni katika nchi yetu. Ulikwisha kutambuliwa Yambuku mwaka 1976, ukaonekana tena Kikwit mwaka 1995, na mlipuko wa Mangina ulikuwa wa kumi katika hesabu ya taifa. Jambo jipya lilikuwa lugha. Safari hii ugonjwa ulienea, kwa ukubwa usiopata kuonekana Kongo, katika sehemu ambazo Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya mimbari na ya redio. Uliingia Beni, Butembo, Katwa na Mabalako, ukavuka hadi Ituri, na Julai 2019 ukagonga mlango wa Goma. Mwisho wake ulipotangazwa tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa. Katika muda huo wa karibu miaka miwili Kiswahili kilitwishwa kazi ambayo hakikuwa kimeizoea sana huku kwetu: kuingia katika kila nyumba na kuiambia ijitayarishe kwa msiba ambao bado haujafika.

Makala haya yanakusudia kuhakiki namna kazi hiyo ilivyofanywa. Najua kwamba wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuona uhakiki ukielekezwa kwenye riwaya, tamthilia na ushairi, na pengine wapo watakaouliza kama bango lililobandikwa kwenye ukuta wa kituo cha afya lina haki ya kukaa meza moja na tungo za waandishi. Jibu langu ni fupi. Sidhani kama kuna maandishi ya Kiswahili yaliyopita mbele ya macho mengi zaidi huko Kivu katika miaka hiyo, wala yaliyodaiwa makubwa zaidi. Bango lina mtunzi, lina msemaji, lina msikilizaji aliyedhaniwa. Lina maneno yaliyochaguliwa na mengine yaliyokataliwa. Sitanukuu bango la shirika hili au lile, kwa sababu yalifanana mno hata kumshika mmoja kungekuwa uonevu. Tena kuna sababu nyingine ambayo afadhali niiseme mapema: karatasi niijuayo vizuri kuliko zote niliisahihisha mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2019. Niliombwa kupitia tafsiri ya ukurasa mmoja, uliotoka katika Kifaransa, ambao ungesomwa na wahamasishaji nyumba kwa nyumba. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nilirekebisha upatanisho wa kisarufi, nikaondoa maneno ya Kifaransa, nikaweka Kiswahili sanifu mahali pa kila neno lililonuka mtaa. Palipoandikwa cas suspect, ambapo mfasiri wa kwanza aliacha maneno hayo kama yasemwavyo hospitalini, mimi niliandika "mshukiwa". Niliridhika nalo. Baada ya wiki chache mwanafunzi wetu mmoja, mwenyeji wa Butembo, alirudi kutoka likizo, akatusimulia darasani jinsi alivyomsomea bibi yake karatasi ile uani, neno kwa neno. Bibi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Hakuuliza habari za dalili wala za chanjo. Alitaka kujua habari za yule mshukiwa, na mjukuu alipomweleza kwamba mshukiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa na jambo, akauliza: "Huyo mutu aliiba nini?" Darasa lilicheka. Nami nilicheka, lakini usiku ule swali lilinikalia kichwani.

Bibi yule alikuwa amefanya uhakiki ambao mimi, kwa shahada zangu, sikuufanya. Katika Kiswahili tunachokipokea kutoka idhaa za mbali, mshukiwa ni mtu wa polisi. Ndugu yake ni mtuhumiwa, na wote wawili njia yao ni ya gereza. Neno hilo halikuja peke yake. Lilikuja na "kesi": kesi mpya tatu Beni, kesi mbili Katwa. Kesi husikilizwa na kukatwa. Ina mshtaki na mshtakiwa, na mmoja lazima ashindwe. Wengine walijaribu kuikwepa kwa kuandika "visa", lakini kisa nacho ni jambo lililotokea kwa mtu likawa la kusimuliwa na wengine, mara nyingi kwa kunong'ona. Tena visa vyenyewe, kwa kijana wa Goma, ni karatasi ya ubalozi. Likafuata neno "kufuatiliwa". Ukweli wake wa kitabibu ni sahihi kabisa: dalili za Ebola huweza kuonekana kuanzia siku ya 2 mpaka ya 21 baada ya kuambukizwa, na kwa hiyo aliyemgusa mgonjwa huhitaji kutazamwa afya yake kila siku kwa majuma matatu. Lakini katika mitaa ambayo watu wamejifunza kuangalia nyuma wanapotembea, anayefuatiliwa ni mtu aliye hatarini, na anayefuatilia hana nia njema.

Neno la mwisho katika safu hiyo ndilo zito kuliko yote: "kutengwa". Katika makanisa mengi ya Kiprotestanti ya upande wetu, aliyetengwa ni yule aliyeanguka dhambini, akaondolewa kwenye meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya kusanyiko. Jina lake husomwa. Mfasiri alitaka tu kusema kwamba mgonjwa atalala mahali pake ili asiwaambukize wengine. Msikilizaji alisikia hukumu ya wazee wa kanisa.

Sasa tuyaunganishe. Sentensi hii naitunga mwenyewe, ila kila aliyekuwa Kivu wakati ule ataitambua: "Mshukiwa wa kesi mpya atatengwa, na watu wake watafuatiliwa kwa siku 21." Hakuna uongo ndani yake, wala hakuna kosa moja la upatanisho. Hata hivyo ni sentensi ya baraza la hukumu tangu mwanzo hadi mwisho, nayo inasomwa mlangoni pa nyumba ambayo haijafanya kosa lolote isipokuwa kuugua, au hata kuugua bado. Jamaa ikijifungia, ikamficha mgonjwa chumba cha nyuma, tunasema ni ujinga. Mimi nasema ilielewa vizuri ilichoambiwa.

Kando ya maneno ya hukumu palikuwa na maneno ya bunduki. Kazi yote iliitwa kwa Kifaransa Riposte, yaani pigo la kujibu pigo, na kwa Kiswahili mara nyingi "mapambano". Wanaohudumiwa waliitwa "walengwa". Neno hili limeenea katika taarifa za miradi hata hatulisikii tena, lakini mzizi wake ni ule wa shabaha. Kuanzia Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni walikuwa wameuawa kwa mapanga na risasi, usiku baada ya usiku. Mtu asikiaye kwamba nyumba yake imelengwa na mapambano, kisha aone magari yakija na askari, hahitaji mfasiri.

Yapo pia maneno ya msiba, na hapa ndipo palipotokea fujo kali zaidi. Yeyote aliyesoma mabango hayo anakumbuka katazo la kugusa maiti. Sababu yake ni ya kweli na haina mjadala: mwili wa aliyekufa kwa Ebola bado una virusi vingi, na kuuosha kama desturi zinavyotaka ni njia mojawapo kubwa ya maambukizo. Lakini hebu tutazame neno lenyewe. Maiti ni neno la chumba cha kuhifadhia, la polisi, la gazeti. Nyumbani hakuna maiti. Yupo mama, yupo baba, yupo marehemu, na anaendelea kuitwa kwa jina la undugu hata baada ya kaburi kufunikwa. Anayesoma "usiguse maiti" anakubali mara moja, kwa kuwa hana maiti. Ana mama yake, na mama lazima aoshwe. Kuhusu yale yaliyoitwa kwa Kifaransa maziko ya heshima na ya usalama, tafsiri nyingi zilitanguliza usalama. Usalama, huko kwetu, ni kazi ya watu wenye sare. Kama neno heshima lingetangulia na likafafanuliwa, yaani nani ataomba, nani ataona uso kabla ya mfuko kufungwa, jamaa itasimama umbali gani, nadhani vita vingi vya makaburini vingepungua. Kwa kweli vilipungua pale timu zilipojifunza kuketi kwanza na wazee wa ukoo.

Msamiati, hata hivyo, ndio sehemu iliyo rahisi kuonekana. Kosa kubwa zaidi liko katika sarufi, na hilo halikuonekana na wengi kwa sababu tumezoea kudhani kwamba sarufi haina rangi. Chukua karatasi yoyote ya aina hii uhesabu vitenzi. Utakuta hali ya amri: nawa, epuka, toa taarifa, piga simu. Utakuta katazo: usiguse, usifiche, usile. Kisha mgonjwa akiingia katika maneno, vitenzi hugeuka ghafla kuwa vya kutendwa: atachukuliwa, atapimwa, atahudumiwa, atazikwa. Jamaa imepewa vitenzi vya kutii, mgonjwa amepewa vitenzi vya kutendwa, na mtenda hatajwi popote. Nani atamchukua? Atampeleka wapi, na nani ataruhusiwa kufika huko? Lugha yetu ina kiunganishi cha "na" kwa ajili ya kumtaja mtenda. Ni silabi moja tu, na ilikosekana.

Kujitayarisha ni jambo la wakati ambao haujafika. Kwa wakati huo Kiswahili kina chombo chepesi kuliko lugha nyingi nizijuazo: -ki-, na mwenzake -po-. "Mama akishikwa na homa usiku, nani atalala na watoto?" Katika sentensi hiyo hakuna amri wala mshukiwa, na hofu yake si kubwa kuliko inavyostahili. Kuna nyumba inayojiuliza. Nimepekua karatasi zilizobaki mikononi mwangu nikitafuta -ki- ya namna hii, na niliyoipata mara nyingi ni ya aina moja: "ukiona dalili, piga simu." Yaani hata sharti lenyewe limekwisha kwenye amri.

Linalosikitisha ni kwamba jamaa za Kivu ni mabingwa wa sarufi hiyo. Vita imewafundisha. Katika nyumba ambazo zimekimbia mara tatu au nne, watu huongea jioni kwa -ki- tupu: wakija kutoka upande wa msitu tutapita shambani, mtoto mdogo utambeba wewe, godoro nitachukua mimi, tukipotezana tutakutana kwa shangazi, anayebaki nyuma kwa sababu ya uzee atabaki na fulani. Kila mtu anajua sehemu yake, pamoja na watoto. Huo ndio utayari wenyewe, nao upo, umekaa mezani, umejaribiwa kwa maisha ya watu. Waandishi wa matangazo, na mimi nikiwamo, tuliingia katika nyumba hizo tukidhani hazijui kujitayarisha, tukaanza kuwafundisha kunawa.

Tena tuliwaandikia kwa jina ambalo si lao. Karatasi zilisema "kaya". Kaya ni neno zuri la utawala wa Tanzania na la wahesabu watu. Huku Kongo watu husema jamaa, nyumba, au familia, na jamaa hiyo haiishii kwenye ukuta mmoja. Anayeugua Butembo ana dada Goma na mjomba Bunia, nao hufika. Mpango wa kaya usiomjua mjomba wa Bunia hautadumu siku mbili.

Nisije nikaonekana kusema kwamba amri zote ni mbaya. Kuna tangazo moja la zamani, lililo kongwe kuliko Ebola ya Kivu, ambalo ningependa wanafunzi walisome kama mfano wa utunzi: lile la maji ya kumnywesha mwenye kuharisha. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Goma inajua thamani yake. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa mjini na kwenye kambi za kandokando, kolera na kuhara damu vilizika maelfu kwa maelfu ndani ya wiki chache. Tangazo hilo ni la amri tupu, lakini linampa mama kitu cha kufanya kwa mikono yake mwenyewe, kwa vitu vilivyomo jikoni, kabla gari halijafika na hata lisipofika. Lina upungufu mmoja tu kwa huku kwetu, nao ni lita. Chupa iliyo karibu kuliko zote katika nyumba nyingi ni ya Primus, nayo ni sentilita 72. Anayeihesabu kuwa lita hupata maji yenye chumvi kupita kiasi, jambo ambalo kwa mtoto mdogo lina hatari. Mwandishi makini angeitaja chupa hiyo kwa jina na kusema haitoshi. Hakuna aibu kuandika habari za bia katika karatasi ya afya.

Linganisha na sentensi iliyotapakaa Goma nzima mwaka 2019: nawa mikono mara kwa mara kwa maji yanayotiririka. Katika Kiswahili kitu kinachotiririka ni kijito. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, haina kijito hata kimoja. Maji hutoka ziwani, na kwa watu wa mitaa ya juu hupanda mlima kwenye bidoni za lita 20, mgongoni mwa wasichana au juu ya chukudu. Kilichokusudiwa ni kwamba maji yamwagwe juu ya mikono, si mikono itumbukizwe katika beseni moja. Kingeweza kusemwa hivyo hivyo. Mwanamke anayejua bei ya bidoni moja, akiambiwa maji yatiririke, anaelewa kwamba karatasi hii iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Jambo jingine lililodai kusahihishwa, na likachelewa, ni ile kauli ya kwamba Ebola haina dawa. Ilirithiwa kutoka miaka ya nyuma, wakati ilipokuwa kweli, na nia yake ilikuwa kuwatisha watu wawe waangalifu. Lakini kwa mantiki ya nyumbani, ugonjwa usio na dawa hauna sababu ya kupelekwa hospitali. Afadhali mtu afe kitandani kwake akishikwa mkono. Kuanzia Novemba 2018 dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa wa mashariki, na Agosti 2019 ilitangazwa kwamba mbili kati yake zilikuwa zikiokoa watu kuliko nyingine. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Kwa jumla karibu theluthi moja ya waliopewa dawa hizo mbili walikufa; lakini kwa wale waliokuwa bado na virusi vichache mwilini, ilikuwa karibu mmoja katika kumi. Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyekuwa Yambuku mwaka 1976 na ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa amekabidhiwa uongozi wa kazi yote, alisema wazi kwamba tangu hapo isisemwe tena kuwa Ebola haiponi. Hapo sarufi ya tangazo ilipaswa kupinduliwa yote: badala ya "ukificha utakufa", "akiwahi anapona". Baadhi ya redio za jamii zilifanya hivyo haraka. Mabango hayana kinywa; yale ya zamani yalibaki ukutani yakiendelea kusema ya zamani, na jua la Beni halikuyafuta upesi.

Yapo mambo ambayo lugha haikuyafanya na vitu vikayafanya. Huko Beni mwaka 2018 vilianza kutumika vyumba vya plastiki ngumu inayopitisha nuru, ambamo mgonjwa hulala na jamaa yake husimama nje akamwona na kuongea naye. Pembeni mwa vituo palifunguliwa nyumba za kulelea watoto wachanga ambao mama zao wamelazwa, na walezi wao walikuwa wanawake waliopona, ambao kwa kupona kwao waliweza kuwa karibu na watoto hao. Nikiwaza neno "kutengwa" mbele ya chumba kile chenye kuta za kuonyesha, naona kwamba mhandisi alikuwa ametangulia mfasiri. Alikuwa amejibu swali la jamaa: je, nitamwona?

Haifai kuyabebesha maneno mzigo wote. Mwaka 2018 mwezi wa Septemba watafiti waliwahoji watu wazima 961 katika Beni na Butembo. Chini ya theluthi moja walisema wanaamini kuwa wenye mamlaka wa mahali pale wanawatakia mema, na karibu robo moja hawakuamini kwamba Ebola ipo. Desemba ya mwaka ule ule uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo hadi Machi 2019, na Ebola ikatajwa kuwa mojawapo ya sababu, hali makanisa na masoko yalikuwa wazi. Rais akaapishwa kabla kura zao hazijapigwa. Baada ya hapo, hata kama tangazo lingeandikwa na mshairi bora wa pwani nzima, lingesomwa kama barua ya serikali. Mwenye kutafuta kisingizio cha kutojali lugha atakipata hapa. Mimi naona kinyume chake: mahali ambapo imani imekwisha kuvunjwa na wengine, neno "mshukiwa" linakuwa msumari wa mwisho.

Wenzangu kadhaa wamependekeza kwamba dawa ni kuandika katika Kiswahili cha Kivu, kile ambacho wazee wetu walikiita Kingwana: batu, bagonjwa, iko, haiko. Nakubali kwa redio na kwa mazungumzo ya mlangoni, ambako sauti ya jirani ina nguvu kuliko sarufi yoyote. Kwa maandishi nasita. Jamaa zetu husikia Kiswahili cha Biblia kila Jumapili na hawakioni kuwa kigeni. Mtu akiwaandikia kwa lugha ya mtaani katika jambo la kufa na kupona, wengine huona wanadharauliwa. Tena mshukiwa akigeuzwa kuwa "mushukiwa" hajatoka gerezani. Na tusisahau kwamba katika Beni na Butembo lugha ya uchungu ni Kinande. Kiswahili, kiwe sanifu au kisiwe, pale ni mgeni anayeheshimiwa tu.

Ningependa kusema kwamba tulijifunza. Lakini mpox ilipoenea kutoka Kamituga, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza tarehe 14 Agosti 2024 kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa, niliona maneno yale yale yakishuka kwenye gari yakiwa hayajabadilisha nguo. Washukiwa walirudi. Kesi zilirudi. Wagonjwa wa nafuu waliambiwa wajitenge nyumbani, katika nyumba ambazo watu wanane hulala chumba kimoja.

Karatasi yangu ya mwaka 2019 tuliiandika upya na wanafunzi, kama zoezi la darasa, bila kuombwa na mtu. Mshukiwa akawa "mgonjwa ambaye bado hajapimwa". Kesi ikawa "mgonjwa". Kutengwa tulikuacha, tukaandika "atalala chumba chake, mtamwona kupitia kioo, na mmoja wenu atapewa mavazi ya kuingia", baada ya kuhakikisha kwamba ndivyo inavyofanyika katika kituo kilicho karibu. Amri tulizipunguza, maswali ya -ki- tukayaweka sita, kila moja na mstari mtupu chini yake ili jamaa iandike jina: akiugua mama, nani atalala na watoto, akiugua baba, nani atajua deni la duka, simu ya nani haizimwi usiku.

Neno lililotushinda kwa muda mrefu ni lile ambalo waganga huliita contact. "Mtu wa karibu" halikutosha, kwa maana jirani ni wa karibu na huenda hakumgusa mgonjwa. "Aliyeambukizwa" ni uongo. Mwanafunzi wa Butembo aliirudisha karatasi kwa bibi yake wakati wa Pasaka, akamweleza maana bila kutaja neno lolote: wale waliomnawisha mgonjwa, waliomlisha, waliolala karibu naye. Bibi akamtazama kama anayeulizwa jina la jembe. "Si ndio bale balimuuguza?" alisema. Kuuguza. Tunalo katika kamusi zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria. Kisha akachukua karatasi, akaomba asomewe maswali yote sita tena, na chini yake akaamuru liongezwe la saba, kuhusu mbuzi.